Siku 8 kutoka Galveston: ukungu, upepo wa kaskazini na bandari iliyotuponyoka

Ratiba ya kwenye tiketi ya meli ya kitalii ilisema hivi: Galveston ya Texas, Marekani, siku mbili za bahari tupu, Montego Bay ya Jamaika, George Town kwenye kisiwa cha Grand Cayman, Cozumel ya Meksiko, siku moja ya bahari, kisha Galveston tena. Usiku 7, mwezi wa Januari. Safari yenyewe ikawa nyingine. Montego Bay ilipunguzwa saa mbili, George Town tuliiona kwa macho kutoka sitahani tu, Cozumel iliongezwa saa tatu, na Galveston ilifungwa na ukungu mara mbili, wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Chanzo chake ni hali moja ya hewa iliyokuwa tayari kwenye ramani za utabiri siku nne kabla meli haijaondoka.

Simulizi hii imejengwa upya kutokana na daftari, picha za matangazo ya meli na karatasi ya mwisho ya hesabu ya chumba. Saa ni za Kiswahili, kwa majira ya mahali meli ilipokuwa.

Jumamosi, siku moja kabla

Ukungu wa Galveston ni wa baharini, na ni tofauti na ule wa bondeni unaopotea jua likipanda. Hewa ya joto yenye unyevu hutoka kusini, hupita juu ya maji ya pwani ya Texas yaliyopoa kwa msimu wa baridi, na mvuke wake hugeuka ukungu papo hapo. Jua peke yake haliuondoi. Unaondoka upepo ukibadilika, na kinachobadilisha upepo ni ukanda wa hewa baridi unaoshuka kutoka kaskazini. Kwa hiyo anayesafiri kutoka hapa kati ya Desemba na Machi huwa amewekwa kati ya mambo mawili: kabla ya ukanda wa baridi kuna ukungu, na baada yake kuna upepo mkali.

Kwa sababu hiyo, fika siku moja kabla. Uwanja wa ndege wa Hobby uko kama kilomita 65 kutoka bandarini, na ule mkubwa wa George Bush uko zaidi ya kilomita 110. Ndege ikichelewa asubuhi ya kupanda meli, umbali huo hauna njia ya mkato.

Siku ya 1, Jumapili: Galveston

Meli ilitakiwa iwe imefungwa gatini saa 1 asubuhi. Saa 1 ilikuwa bado nje, maili kadhaa kutoka mdomo wa mlango wa bahari, na rubani wa bandari, yaani mtaalamu anayepanda melini kuiongoza iingie, hakuweza kupanda. Bila rubani meli kubwa haiingii, na marubani wakisimamisha kazi kwa ajili ya ukungu, nahodha hana analoweza ila kusubiri.

Kampuni ilituma ujumbe wa simu: abiria wasifike kabla ya saa 10 alasiri. Waliousoma walikaa hotelini na kula mchana wao kwa utulivu. Waliofika kwa saa ya zamani walisimama nje ya jengo la abiria kwa saa tatu, maana watu wa safari iliyotangulia walikuwa bado wakisubiriwa kushuka. Wapagazi wawili walitoa viti vyao wenyewe wakawapa wazee, wakarudi mara mbili na maji.

Weka namba ya simu sahihi kwenye fomu ya kupandia meli, maana ujumbe huja kwa njia hiyo. Dawa, hati ya kusafiria, chaja na nguo moja ya kubadili vikae kwenye mkoba wa mkononi. Begi kubwa ukishamkabidhi mpagazi saa 6 mchana unaweza kulipata usiku wa manane.

Meli iliingia saa 8 mchana ukungu ulipopasuka kidogo. Watu walipanda kuanzia saa 11 jioni. Jua lilipozama ukungu ukarudi, na badala ya kuondoka saa 10 alasiri, tuling'oka saa 8 usiku, saa kumi nyuma ya ratiba.

Siku ya 2, Jumatatu: Ghuba ya Meksiko

Asubuhi nahodha alitangaza kwamba Montego Bay itafikiwa saa 7 mchana badala ya saa 3 asubuhi. Hesabu yake inaeleweka ukiiweka kwenye karatasi. Kutoka Galveston hadi Montego Bay, kupitia mlango wa bahari kati ya Yucatán na Kuba, ni karibu maili 1,150 za baharini. Ratiba ilitoa saa 64, yaani mwendo wa noti 18 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilomita 1.85). Kwa kuchelewa kule zilibaki saa 58, na hata hivyo kwa mwendo wa karibu noti 20.

Kwa nini asikimbie zaidi? Nguvu inayohitajika kusukuma meli hupanda kwa mchemraba wa mwendo. Kutoka noti 18 hadi 20 mitambo hutoa nguvu zaidi kwa karibu asilimia 37, na juu ya hapo meli nyingi za aina hii hukaribia mwisho wa uwezo wao. Abiria anayeuliza "mbona hatuongezi mwendo tufidie" ajue kwamba kwa kawaida tayari umeongezwa.

Siku hii ndiyo ya kuandikia watu wa nchi kavu. Matembezi yaliyonunuliwa kwenye meli huhamishwa na meli yenyewe. Yaliyonunuliwa kwa mtu binafsi yanakutegemea wewe. Kifurushi cha intaneti cha siku moja kwa kifaa kimoja kinatosha kutuma ujumbe mmoja wenye mambo manne: jina la meli, saa mpya ya kufika, idadi ya watu, na swali kama bado anaweza kuwapokea. Tuma siku hiyohiyo tangazo linapotoka. Dereva aliyepewa taarifa siku mbili mapema hupata muda wa kubeba wageni wengine asubuhi, naye hakasiriki.

Siku ya 3, Jumanne: kuelekea Yucatán

Bahari shwari, anga la maziwa, upepo wa kusini-mashariki usiozidi noti 12. Watu walijaa bwawani. Lakini ramani ilionyesha ukanda wa baridi umeshapita pwani ya Texas na kushuka kusini, ukiwa na upepo wa kaskazini nyuma yake. Wameksiko huuita upepo huo *norte*. Ungetufikia Grand Cayman, na ungefika wakati mmoja na sisi.

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo msafiri anapoweza kujua mapema kuliko tangazo lolote.

Kila bandari ina uso. George Town inatazama magharibi. Magati ya Cozumel nayo yako upande wa magharibi wa kisiwa. Costa Maya inatazama mashariki, wazi kwa bahari. Progreso inatazama kaskazini kwa gati refu la kilomita kadhaa. Belize City iko nyuma ya miamba ya matumbawe, lakini maji yake hayana kina, kwa hiyo meli kubwa hutia nanga mbali na abiria huenda pwani kwa boti. Bandari hukaa salama upepo unapotoka mgongoni mwake, na hupata taabu unapotoka usoni. Pepo za kawaida za Karibiani hutoka mashariki, ndiyo maana George Town na Cozumel huwa tulivu siku nyingi za mwaka. Ukanda wa baridi hugeuza upepo kuwa wa kaskazini-magharibi, na kile kilichokuwa mgongo kinakuwa uso.

Utaratibu ni huu. Fungua tovuti ya Windy, au usome utabiri wa bahari unaotolewa na National Hurricane Center ya Miami, ambayo hufanya kazi hiyo mwaka mzima, hata nje ya msimu wa vimbunga. Weka alama kwenye bandari yenyewe na kwenye saa ya kufika. Wastani wa siku nzima hausaidii. Angalia mambo manne: upepo unatoka wapi, noti ngapi, dharuba zake, yaani mikupuo yake ya ghafla, zinafika ngapi, na mawimbi yanatoka upande gani na kwa muda wa sekunde ngapi kati ya moja na jingine. Watu wengi husahau hilo la mwisho. Wimbi la mita moja lenye sekunde 5 ni la upepo wa hapohapo na halina kina. Wimbi la mita moja lenye sekunde 12 limetoka mbali, limebeba nguvu, na huzunguka ncha ya kisiwa likaingia hata upande uliokingwa. Hilo ndilo linaloivuta meli mbele na nyuma gatini mpaka amari, kamba zinazoifunga, zikatike.

Kwa ujumla, kwenye bandari ya boti anza kuwa na shaka mawimbi yakipita mita moja na nusu. Kwenye bandari ya gati, anza kuwa na shaka upepo wa ubavuni ukipita noti 25. Uamuzi ni wa nahodha, rubani na mamlaka ya bandari, na kila meli ina uwezo wake, ila mipaka hiyo inatosha kwa mtu kupanga fedha zake.

Jioni ya siku ya 3, George Town ilionyesha upepo wa kaskazini-magharibi wa noti 22 na dharuba za 30, kwa saa ileile ya kufika. Waliokuwa na matembezi binafsi yenye sharti la kughairi saa 24 kabla walikuwa bado na nafasi. Wachache waliitumia.

Siku ya 4, Jumatano: Montego Bay

Tulifungwa saa 7 mchana, tukaambiwa wote tuwe ndani saa 12 na nusu jioni, meli iondoke saa 1 usiku. Saa sita za bandari si saa sita za matembezi. Toa dakika 45 za kushuka, toa saa moja ya tahadhari ya kurudi, zinabaki kama saa nne na dakika chache. Maporomoko ya Dunn's River yako karibu na Ocho Rios, kama kilomita 100 kwa barabara, na kwenda na kurudi peke yake hula zaidi ya saa tatu. Waliong'ang'ania kwenda walilipa gari la siku nzima kwa dakika 40 za maji. Waliobadili wakaenda ufuo wa Doctor's Cave, ulio mjini hapohapo, walikaa majini saa tatu.

Yule dereva aliyeandikiwa tangu Jumatatu alikuwa langoni na karatasi yenye majina. Alisema amefanya safari mbili za uwanja wa ndege asubuhi, kwa hiyo hakudai chochote cha kusubiri. Kwa hiari yake akabadili njia: badala ya Ocho Rios akawapeleka wageni wake kwenye maboti ya mianzi ya mto Martha Brae, upande wa Falmouth, akawarudisha saa 11 na robo.

Kuna walioshangaa kwa nini nahodha hakuiruka Jamaika aende moja kwa moja Cayman kabla ya upepo. Sababu mojawapo ni kwamba Cayman ina zamu zake. Meli haifiki siku isiyopangiwa. Sababu nyingine inahusu sheria za Marekani kuhusu safari za meli za abiria. Meli yenye bendera ya nchi nyingine, kama zilivyo karibu zote za kitalii, ikianza na kumaliza safari kwenye bandari ileile ya Marekani lazima iguse angalau bandari moja ya kigeni. Nahodha mwenye upepo mbaya mbele yake hataki kuacha bandari aliyo na uhakika nayo. Kwenye safari fupi za usiku 4 au 5 sharti hili hubana zaidi: bandari mbili zikikosekana, meli lazima itafute ya tatu, hata iwe ya saa chache.

Siku ya 5, Alhamisi: George Town, bila kushuka

Saa 12 na nusu asubuhi meli ilikuwa mbele ya mji. Taa za pwani zilionekana vizuri, na mawimbi yalikuwa yakipasuka meupe kwenye mwamba wa gati la boti. Upepo wa kaskazini-magharibi noti 24, dharuba 32, mawimbi mita 2.

Grand Cayman haina gati la meli za kitalii. Meli hukaa nje na abiria hubebwa kwa boti za wenyeji. Mlango wa kushukia uko ubavuni mwa meli, karibu na maji. Bahari ikitulia, meli na boti hupanda na kushuka pamoja. Mawimbi yakiwa mita 2, boti hupanda haraka na meli hukaa, kisha boti huanguka na pengo hufunguka kati ya vyuma viwili. Mtu mwenye fimbo au mtoto mkononi ana sekunde mbili za kuvuka. Hapo mguu huvunjika.

Kwa upepo wa kaskazini-magharibi, Cayman ina mahali pa pili: Spotts, upande wa kusini wa kisiwa. Mamlaka ilizielekeza meli huko, nasi tukazunguka. Abiria wengi walishangilia mapema. Shida ilikuwa upepo wa kusini-mashariki wa siku mbili zilizopita: ulikuwa umekufa, lakini mawimbi yake yalikuwa bado yanakuja, mita moja na nusu, sekunde 8. Kwa kawaida nahodha huigeuza meli iwe ukuta, ili boti zifanye kazi upande wa demani, uliokingwa. Hapa upepo ulitoka upande mmoja na mawimbi yakatoka upande wa pili. Ukikinga hiki, unafungulia kile.

Boti moja ya majaribio ilikuja bila abiria. Ilifunga kamba mara mbili, na mara ya pili ubavu wake ukagonga jukwaa kwa kishindo kilichosikika deki ya 3. Saa 3 na dakika 20 nahodha alitangaza: George Town imefutwa.

Watu walikasirika kwa sababu waliona jua. Anga lilikuwa safi kabisa, kama ilivyo mara nyingi baada ya ukanda wa baridi kupita. Mvua haifungi bandari. Upepo na mawimbi ndivyo vinavyofunga. Hata kwa meli ya gatini hesabu ni hiyohiyo. Ubavu wa meli yenye urefu wa mita 300 una eneo la karibu mita za mraba 10,000. Upepo wa noti 20 huusukuma kwa nguvu ya tani 65 hivi. Upepo wa noti 30 huusukuma kwa tani 145 hivi, kwa kuwa nguvu hupanda kwa mraba wa kasi. Propela za pembeni zina kikomo, na nahodha anatakiwa abaki na akiba ya kujiondoa, kwa kuwa kuingia gatini ni nusu tu ya kazi.

Kwa nini tusipelekwe bandari nyingine? Kutoka Spotts, kila bandari ya karibu ilikuwa na moja kati ya kasoro tatu: ilikuwa na upepo uleule usoni, gati lake lilikuwa limejaa meli za zamu, au ilikuwa mbali kiasi cha kuiharibu Cozumel ya kesho. Bandari mbadala inahitaji gati tupu, kina cha kutosha, wakala, na maofisa wa uhamiaji walioarifiwa. Kupata yote hayo kwa saa chache ni nadra.

Siku hiyohiyo, kuanzia saa 4 asubuhi

Saa ya kwanza baada ya tangazo ina thamani. Abiria elfu kadhaa waliopanga kuwa nje sasa wako ndani, na nafasi za migahawa ya kulipia, masaji na viti vya onyesho la jioni hujaa haraka. Agiza kwanza, lalamika baadaye. Mashine za kufulia nguo huwa tupu asubuhi hiyo. Bwawa lilijaa kufikia saa 5, lakini sitaha ya tezi, yaani ya nyuma ya meli, iliyokingwa na upepo, ilibaki na viti hadi mchana. Wafanyakazi waliokuwa wamepangiwa mapumziko yao ya bandarini walirudishwa kazini, na mhudumu mmoja wa mgahawani alipanga meza ya kadi kwa wazee wanne waliokuwa wameketi wakitazama kisiwa kikienda. Mwambie asante mtu kama huyo. Naye amepoteza siku yake ya nchi kavu.

Sasa fedha. Nauli hairudishwi. Mkataba wa tiketi wa karibu kila kampuni unampa nahodha haki ya kuacha bandari kwa ajili ya usalama bila fidia. Kinachorudi ni mambo mawili: matembezi yaliyonunuliwa kwenye meli, yote, na kodi na ada za bandari ambazo meli haikuzilipa, zikihesabiwa kwa kila abiria. Ziliingia kwenye akaunti ya chumba Alhamisi usiku, mistari miwili tofauti. Kagua kwamba kila mtu chumbani amepata wake, watoto pia. Kama una salio la zawadi lisilorudishwa kwa fedha, litumie kwanza, ili marejesho yabaki ya kurudi kwenye kadi yako mwisho wa safari.

Matembezi binafsi yanafuata maneno ya sharti. "Meli isipofunga bandarini, hulipi" ndilo sharti la kutafuta kabla ya kununua. Lakini soma kwa makini: kuna wanaosema "isipofika", na kwenye bandari ya boti mwenye gari anaweza kudai meli ilifika, maana aliiona kwa macho. Piga picha tangazo la kufutwa kwenye programu ya simu ya meli, likionyesha saa. Tiketi za kushinda hotelini na ufukweni mara nyingi hazirudishwi kabisa. Kwa bandari ya boti wakati wa baridi, usilipe yote mapema.

Bima ni hesabu nyingine. Zipo zinazolipa kiasi maalumu kwa kila bandari iliyokosekana, zikitaka barua ya meli yenye jina la bandari, tarehe na sababu. Iombe siku hiyohiyo kwenye dawati la huduma. Siku ya 5 mstari ulikuwa wa dakika 10. Usiku wa siku ya 7 ulipita lifti na kukunja kona. Bima iwe imenunuliwa kabla hali ya hewa haijajulikana. Kwa vimbunga, vya Juni hadi Novemba, zipo nyingi zinazokataa dhoruba iliyokwisha kupewa jina siku uliponunua.

Siku ya 6, Ijumaa: Cozumel

Kwa kuwa tuliondoka Cayman mapema, meli iliomba gati la mapema ikalipata: saa 1 asubuhi badala ya saa 4. Upepo ulikuwa umezunguka, sasa wa kaskazini-mashariki noti 18, yaani unatoka mgongoni mwa Cozumel. Meli ilifunga bila shida.

Boti ndogo zilikuwa hadithi nyingine. Nahodha wa bandari, ofisa wa serikali ya Meksiko, alikuwa amezizuia zisitoke baharini, kwa hiyo wapiga mbizi na waogeleaji wa miamba walirudishiwa fedha gatini. Ni jambo la kuliweka akilini: meli kufunga hakuna maana kwamba matembezi ya majini yatakuwepo. Ukiona *norte* kwenye ramani, chagua cha nchi kavu. Magofu ya San Gervasio yako kisiwani, kwa barabara. Tulum iko bara, na njia yake ni feri ya Playa del Carmen inayovuka mlango wa bahari. Siku ya upepo inaweza kusimama ukiwa upande usio wako. Waliokwenda kwa matembezi ya meli walikuwa na uhakika wa kusubiriwa. Waliokwenda wenyewe hawakuwa nao.

Jimbo la Quintana Roo, ambamo Cozumel imo, liko kwenye majira sawa na Jamaika na Cayman, saa moja mbele ya Texas wakati wa baridi. Simu hubadilika zenyewe, saa za meli si lazima. Fuata saa iliyoandikwa kwenye mlango wa kushukia.

Siku ya 7, Jumamosi: bahari

Mabaki ya mawimbi ya kaskazini yalitupiga moja kwa moja kwenye omo, yaani mbele ya meli. Bwawa lilifungwa kwa wavu, sitaha ya mbele ikafungwa, mifuko ya karatasi ikawekwa kando ya lifti. Vyumba vya mbele na vya juu viliteseka zaidi. Katikati na chini meli huenda mrama kidogo tu. Mwenye kigegezi akae mahali pa kuona upeo wa macho, ale vitu vikavu na tangawizi, asisome. Vidonge vya meclizine vinywewe saa moja kabla, maana ukisubiri kutapika umechelewa, na huleta usingizi. Kiraka cha scopolamine cha nyuma ya sikio kinahitaji cheti cha daktari na kubandikwa saa nne hivi kabla. Kufikia jioni upepo ulikufa, kisha ukaanza kutoka kusini, wa joto na unyevu.

Siku ya 8, Jumapili: Galveston, tena ukungu

Saa 12 asubuhi meli ilisimama nje ya mlango wa bahari. Honi ilikuwa ikilia, ncha ya omo haionekani kutoka deki ya juu. Marubani walikuwa wamesimamisha kazi tangu usiku.

Mabegi yalichukuliwa usiku uliopita, na wengine walibaki na nguo waliyovaa tu. Waliokuwa na ndege ya saa 5 asubuhi waliipoteza. Ya saa 8 mchana pia. Kwa Galveston wakati wa baridi, ndege ya kesho yake ndiyo salama. Ukilazimika siku hiyohiyo, chukua ya jioni kabisa. Saa 2 meli ilifungua intaneti bure, ikazidiwa. Karibu na pwani simu za kawaida zilishika mawimbi kwenye sitaha za juu upande wa bara, na programu za mashirika ya ndege zilifanya kazi haraka kuliko foleni ya dawati. Mama mmoja wa deki ya 9 aliziazima familia tatu simu yake, moja baada ya nyingine, akiandika namba zao za tiketi kwenye kitambaa cha karatasi ili zisichanganyike.

Jikoni walitoa chakula cha mchana ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Rubani alipanda saa 7 na nusu. Mtu wa kwanza alishuka saa 10 kasoro robo, na basi la mwisho la Hobby liliondoka saa 12 jioni. Nje ya jengo wageni wa safari iliyofuata walikuwa wamekaa juu ya mabegi yao, na utabiri wao wa George Town ulikuwa upepo wa mashariki, noti 13.